Vibonge vya Saa Nne

Mji wetu huu wa jimbo la Wisconsin una meya, lakini mambo yote huamuliwa kwenye benchi lililoko nje ya duka langu la kunyolea, kuvuka barabara tu kutoka kiwanda cha jibini cha akina Tveit. Wanaolikalia ni walewale. Yupo Breki, aliyeendesha lori la maziwa la kiwanda mpaka goti likamgomea. Yupo Mahesabu, aliyestaafu benki na hajaacha kupigia watu hesabu zao bila kuombwa. Na yupo Delmar, mfugaji wa kule mlimani, mtu mpole kuliko wote, ambaye asubuhi hiyo ya Oktoba nilimmiminia kahawa na hakuigusa. Marlys Tveit, aliyeachiwa kiwanda na marehemu baba yake, alikuwa amewaambia wafugaji wa mlimani kwamba adhuhuri atawapa jibu kama lori litaendelea kupanda kuchukua maziwa yao au basi. Delmar ana ng'ombe arobaini, na mnunuzi mwingine hana.

Breki: Hathubutu. Baba yake asingefanya hivyo.

Mahesabu: Baba yake hakupambana na jibini la kule duka kubwa la barabara kuu. Ile kampuni yao inachota maziwa shamba moja, ng'ombe elfu kadhaa, lori linajaa mara moja linaondoka. La Marlys linakoroma mlima mzima kutafuta ng'ombe arobaini. Gharama, bwana. Gharama ndizo zinazomnyonga yule binti.

Breki: Wewe unanifundisha mimi ule mlima? Nimeupanda kwenye theluji hadi magotini!

Mahesabu: Ndiyo maana goti moja umeliacha huko.

Delmar: Jamani, niko hapahapa. Mnaniongelea kama maiti.

Nikaona aibu, nikarukia jambo la kwanza lililonijia. Nikasema si lazima mlima ukatwe, kuna mengi ya kupunguza mle kiwandani. Ningejua nilichokuwa nakianzisha, ningekunywa kahawa yangu kimya.

Breki: Umesema! Atengeneze lile jibini la matundu, halafu matundu ayapanue. Kila tundu ni hewa, na hewa haigharimu kitu. Anauza hewa kwa bei ya jibini!

Mahesabu: Jibini linauzwa kwa uzito, we mzee. Hewa ina kilo ngapi?

Breki: Basi awashushe ng'ombe wenyewe waje kiwandani kwa miguu. Dizeli hamna, lori hamna.

Mimi: Watembee mlima mzima, jua linawapiga, maziwa yanatikisika? Si yatakuwa siagi kabla hawajafika darajani?

Breki: Tena vizuri! Inatoka bidhaa tayari. Hata kiwanda hakihitajiki.

Mahesabu: Hapo kweli gharama zimekwisha zote.

Tukacheka mpaka Delmar naye akacheka. Kisha akajifunika uso kwa kofia yake.

Delmar: Leo nimewakamua nikiwaita mmoja mmoja kwa jina. Nikiwauza wale, nitaamka alfajiri nifanye nini? Niambieni. Nitaamka nifanye nini?

Nilimwekea mkono begani, na moyo uliniuma kweli. Mahesabu akakohoa. Yeye akikohoa hivyo, ujue anakuja na kitu kitakachomchukiza mtu.

Mahesabu: Mimi ningekuwa Marlys, ningeanza kwa kukata ile sadaka ya saa nne.

Breki aliweka kikombe chini kwa kishindo. Hapa kwetu, tangu enzi za babu yake Marlys, kila siku ya kazi ikifika saa nne asubuhi mlango wa pembeni wa kiwanda hufunguliwa, na mwenye bakuli lake hujaziwa vibonge vya jibini vilivyotoka kwenye pipa muda uleule. Bure. Ukivitafuna vinalia kwenye meno, nyii, nyii. Kesho yake vimenyamaza, vimekuwa jibini kama jibini lolote. Tumevila tangu utoto na hakuna aliyewahi kuviita bidhaa.

Breki: Vibonge visiguswe! Mji mzima utaandamana!

Mahesabu: Mji gani? Mji huuhuu unaonunua jibini la barabara kuu kwa kuwa ni rahisi? Wewe mwenyewe jana nimekuona kule na toroli.

Breki: Nilifuata betri!

Mahesabu: Betri za njano, zimekatwa vipande, zimefungwa kwenye nailoni?

Kabla Breki hajapata jibu, gari lenye namba za Illinois, jimbo jirani, likaegesha mbele yetu. Akashuka mwanamke wa makamo, koti la mvua, nywele timtim, akatusalimu vizuri.

Mgeni: Samahanini wazee wangu. Jana mwenye nyumba nilimolala alinipa vile vibonge vinavyolia. Kwetu Chicago vinauzwa, lakini vinafika vimeshanyamaza. Nataka mifuko sita niondoke nayo sasa hivi, niwahi kabla havijanyamaza. Mfuko mmoja bei gani?

Breki akamtazama Mahesabu. Mahesabu akanitazama mimi. Mahesabu yule anayejua bei ya kila nyumba mtaani kwetu na deni la kila aliyemo ndani, leo mdomo uko wazi na hakuna kinachotoka.

Mgeni: Nimeuliza vibaya?

Mimi: Hapana, mama. Hujauliza vibaya.

Mgeni: Basi nani anayejua?

Marlys alikuwa ametoka kufungua mlango wa pembeni, aproni kiunoni, na alikuwa amesikia. Akaja mpaka katikati ya barabara.

Marlys: Dada, wewe ungetoa ngapi?

Mgeni: Nilijiandaa kutoa dola kumi na mbili kwa mfuko. Ni kidogo? Na wenzangu kazini wangekuja wenyewe Jumamosi, ila nasikia Jumamosi mnafunga.

Mahesabu alipaliwa na kahawa, ikabidi nimpige mgongoni. Bonge zima la jibini kule barabara kuu halifiki dola tano.

Mahesabu: Marlys! Wale wakubwa hawaliwezi hili! Kutoka kwao mpaka dukani ni siku mbili. Wapunguze bei watakavyo, kwao vitafika vimenyamaza tu!

Marlys akageuka kuutazama ule mlango wa pembeni. Alisimama pale katikati ya barabara mpaka gari likampigia honi, naye hakusogea. Halafu akamgeukia Delmar, ambaye alikuwa ameshasimama, kofia mkononi.

Marlys: Mzee Delmar, lori likikufuata Jumamosi alfajiri, maziwa yatakuwa tayari?

Delmar: Mwanangu, wale ng'ombe hawajawahi kuniuliza leo siku gani.

Marlys akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu tumzike baba yake, na sikuona haya kufuta macho mbele za watu.

Marlys: Lori litapanda. Kwako na kwa wenzako wote wa mlimani. Tujaribu kuviuza vibonge mpaka Krismasi, zaidi ya hapo siwezi kukuahidi.

Delmar: Mpaka Krismasi inatosha. Inatosha sana, mwanangu.

Breki: Ngoja kwanza. Na sisi wenyeji?

Marlys: Nyinyi mtalipa kama wengine.

Breki akavuta pumzi, akanyanyua kidole, tukajua sasa mtaa mzima utasikia. Jicho lake likamwangukia Delmar, aliyekuwa analia bila kujificha. Kidole kikashuka.

"Haya," akasema, akaanza kupapasa mifuko ya suruali akitafuta pochi. "Nipimieni mfuko mmoja."