Vya Ndani na vya Nje

MKATABA WA MAUZIANO NA UHAMISHO WA VIFAA, SAMANI NA MALI NYINGINEZO ZA KITUO CHA USHAURI WA LISHE. Mzee Stambuli, ambaye kijiweni anaitwa Karani kwa kuwa alitumikia mahakama ya mwanzo miaka thelathini na moja, alilisoma jina hilo mara mbili, ya pili kwa raha yake mwenyewe. Tangu astaafu hakuna aliyemwomba aandike hata barua ya ruhusa ya msiba. Sasa Hidaya, mtaalamu wa lishe mwenye kituo kidogo hapa Kilakala, amepata kazi Dodoma na safari ni kesho; mnunuzi alikuwa njiani kutoka Dumila. Hidaya alileta orodha ya vitu tisa kwenye karatasi ya daftari. Karani aliitazama kwa huruma, akatoa kalamu yake. Kufika saa nne, milima ikiwa bado imejifunika ukungu, wale watatu wa kijiwe wa kila siku, Karani akiwa mmoja wao, walikuwa wamejipanga kwenye benchi nje ya kituo, mkataba uko ukurasa wa tatu na birika la kahawa liko nusu.

— Soma mali zenyewe, mzee, alisema Hamza wa bodaboda, aliyeitwa Protini tangu Hidaya amkataze chipsi.

— "Mizani ya kusimamia, moja. Futi za kupimia kiuno, mbili. Ugali, maharage na papai vya plastiki, vya kufundishia, seti moja."

— Ngoja hapo. Huo ugali una kibali?

— Ugali wa plastiki, Protini?

— Kwani si ugali? Chakula kinavuka wilaya bila karatasi! Wakikudaka njiani utajieleza.

Godlisten, jina la kijiwe Kiwanda, alitikisa kichwa. Alifanya kazi miaka ishirini kwenye kiwanda cha sukari.

— Kwetu hata fagio halikutoka bila hati ya getini.

— Hapa geti liko wapi? aliuliza Karani.

— Ndiyo hatari yenyewe! Mali inatoka mahali pasipo na geti. Itajulikanaje kwamba imetoka?

— Halafu mimi ni mteja wake, Protini akashtuka. Ina maana na mimi nauzwa?

— Huuzwi. Kifungu cha saba: mafaili ya wateja hayamo.

— Afadhali. Mle kuna kiuno changu.

Hidaya alitoka na funguo mkononi.

— Shikamoo, mzee Karani. Andika vile vitu tisa tu, nisaini.

— Marahaba, mwanangu. Ukitaja tisa, cha kumi ndicho kinachozaa kesi. Pazia je? Kibao? Nimeweka kifungu cha kufungia mlango: "pamoja na mali zote za kituo, za ndani na za nje, hata zisizotajwa." Hapo hata jaji hapenyi.

Hidaya akasaini. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kikasimama, akashuka Yuliana, mnunuzi. Alimwamkia mzee, akasoma kurasa zote tatu akiwa wima, jambo ambalo pale halikuwahi kutokea, kisha akasaini. Protini na Kiwanda wakatia sahihi za ushahidi. Kiwanda akaongeza na namba yake ya kazi ya zamani.

— Samahani, akasema Yuliana. Hili benchi mlilokalia ni la nani?

— La kijiwe, alisema Protini.

— La serikali ya mtaa, alisema Kiwanda.

Wote wakamgeukia Karani. Alikuwepo siku Hidaya alipolitoa nje ili wateja wake wasubirie. Wateja walilikalia wiki mbili, kisha kijiwe kikahamia hapo.

Karani alifungua ukurasa wa tatu. Kifungu kilikuwa kizuri. Hakikuwa na tundu popote.

— Mzee, alisema Hidaya akibana kicheko, tukate neno moja tu, hilo la nje.

— Kateni, mzee wangu, mimi sina neno, alisema Yuliana.

Karani aliifunika kalamu yake, akaitia mfukoni.

— Mkataba umesainiwa mbele ya mashahidi. Simameni.

Saa saba mchana benchi lilikwenda Dumila juu ya kirikuu, na watu watatu wakamalizia kahawa wima.