Vivimbe Vyangu na Jina Nililolitaja Madhabahuni

Ta-ta-ta-ta. Kimya. Kisha ta-ta-ta tena. Ndugu zangu, hiyo ilikuwa sauti ya visigino vya binadamu vikigonga sakafu ya saruji, na ndiyo sauti ya kwanza iliyonitisha. Nilikuwa uani nikianika nguo, Jumapili asubuhi, kabla ya ibada hii hii ya Kiswahili. Nilidhani ni fundi wa kiwanja cha jirani anapigilia misumari, maana kwetu Gahanga kila upande wanajenga. Nilipokumbuka kwamba siku hiyo mafundi hawapo, niliingia ndani mbio. Nikamkuta Donatha chini, macho yamegeuka, povu mdomoni, miguu ikiipiga sakafu kana kwamba inataka kuitoboa.

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasema hivyo nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu mara ya mwisho niliposimama hapa mbele mlinipigia makofi, na leo nimekuja kuyarudisha.

Donatha mnamkumbuka. Ni binti wa Kihaya kutoka Muleba, alikuwa karani katika karakana ya samani kule Gisozi, na tulipanga nyumba moja kwa miaka miwili. Mimi ni Mnyarwanda niliyelelewa Ngara, nikaja Kigali kusomea shahada ya uzamili ya takwimu. Tuliishi kama ndugu wa tumbo moja. Aliniita Profesa kwa kunicheka. "Profesa, wewe hata chumvi ungeweza ungeipima kwa rula!"

Alikuwa na haki ya kucheka. Wiki kadhaa kabla ya Jumapili ile nilikuwa nimegundua vivimbe vitatu chini ya ngozi ya mkono wangu wa kushoto. Havikuuma. Vilikuwa na ukubwa wa punje ya haragwe, vigumu kiasi, na nilipovisukuma kwa kidole vilisogea. Kila Jumamosi nilivipima na kuandika milimita katika daftari. Nilivaa mikono mirefu, sikumwambia mtu. Nilisoma kila nilichoweza kukipata, nikajitungia magonjwa kumi na moja na kuyapanga kwa kadiri ya uwezekano wake. Kwenda kupimwa, sikwenda. Kufikiri ndiko kulikuwa maficho yangu.

Jioni ya Jumapili ile kikundi chetu cha maombi kilikuja nyumbani. Mama Ezekieli, kiongozi wetu, yuko hapa leo, na nimemwomba ruhusa ya kusimulia. Aliweka mkono juu ya kichwa cha Donatha, akafumba macho.

"Huyu iko na kitu," alisema. "Na hiyo kitu haiko peke yake hapa mu nyumba."

"Mama, mimi nimeanguka tu," Donatha akajibu. "Kichwa kinaniuma tangu juzi."

"Nyamaza, si wewe unaongea!"

Ndipo mimi, ambaye kwa wiki nyingi sikumwonyesha mtu yeyote, nikakunja mkono wa blauzi mbele ya watu tisa. "Yesu we!" wakapaza sauti. Mmoja akakumbusha kwamba Donatha hakuwahi kugusa nyama ya nguruwe tulipokula pamoja. Amelelewa katika nyumba ya Wasabato, kila mtu alilijua hilo. Lakini jioni ile likageuzwa kuwa ushahidi. "Kwa nini hakuli na wenzake? Anakula na nani?" Donatha alinitazama mimi, si wao. Alisubiri niseme neno moja. Sikulisema.

Tulifunga siku tatu. Siku ya nne nilimwomba ahame. Alifungasha mabegi mawili, akafagia chumba chake, akaacha funguo juu ya meza.

Mnaijua desturi yetu: aliyefunguliwa lazima asimame hapa ashuhudie, na alitaje lililomfunga. Wiki sita baadaye vivimbe viwili vilikuwa vimepungua, kutoka milimita tisa hadi sita. Nikasimama. Nikalitaja jina la Donatha madhabahuni, nikawasomea vipimo kutoka daftarini. Mlishangilia! Nani angebishana na milimita? Ndugu zangu, wakati huo huo, kule chuoni, nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba jambo moja kulifuata jingine si ushahidi kwamba la kwanza ndilo lililolisababisha la pili. Nilikuwa nikiwakata alama kwa kosa hilo. Hapa nililitenda kwa machozi ya furaha, nikaitwa shujaa wa imani.

Maneno yangu yalitoka nje ya ukumbi huu kabla yangu. Yalifika Gisozi, yakafika masikioni mwa mwenye karakana. Alisema hawezi kumweka mtu mwenye mashetani karibu na misumeno. Donatha akarudi Muleba.

Miezi minne baadaye nilianguka mimi. Nilikuwa mbele ya darasa, chaki mkononi, nikiandika ubaoni. Sikumbuki zaidi ya hapo. Wanafunzi waliniambia baadaye kwamba visigino vyangu viligonga sakafu.

Daktari niliyepelekwa kwake alikuwa mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi. Alikitoa kivimbe kimoja kwa kisu kidogo, akakipeleka kwenye hadubini, akaagiza kichwa changu kipigwe picha. Ndani ya kivimbe kulikuwa na kifuko cha maji, na ndani ya kifuko mtoto wa tegu, yule mnyoo mrefu wa nguruwe. Kichwani mwangu vilikuwamo vifuko vingine vitano.

"Unakula nguruwe?" aliniuliza.

Nilimweleza kwamba kila Ijumaa baada ya kipindi mimi na wenzangu wa chuoni tulikwenda kula akabenzi, nyama ya nguruwe ya kukaanga, na kwa haraka yetu mara nyingi ilikuja ikiwa bado nyekundu ndani. Nikasema, "Basi nyama hiyo ndiyo iliyonipa vivimbe."

"Hapana. Sikiliza vizuri, wewe msomi. Nyama mbichi inakupa mnyoo tumboni. Vivimbe vinatoka kwenye mayai ya huyo mnyoo, na mayai yanatoka kwenye choo cha mtu aliye naye. Asiponawa vizuri, anajilisha mwenyewe na anawalisha wenzake. Kwenu nani anapika?"

"Mimi."

"Unapika nini?"

"Wali, maharage. Na kachumbari kila siku."

Aliweka kalamu chini. Choo changu kilipopimwa, mayai yalionekana.

Kwa siku mbili nilichora jedwali. Niliyaweka humo maji ya bomba, mboga za bondeni, vibanda vya chakula vya Gisozi, kila njia ambayo ingeweza kunitoa mimi lawamani. Nikampelekea daktari. Hakulisoma hadi mwisho. "Siwezi kukuapia kwamba ni wewe," alisema. "Lakini mtu asiyekula nguruwe anaweza kulishwa mayai na mlaji wa nguruwe. Rafiki yako amepimwa?"

Ndugu zangu, nilimtoa nyumbani mgonjwa ambaye huenda mimi ndiye niliyemwambukiza, nikamshukuru Mungu kwa kuniokoa mkononi mwake!

Sasa namshukuru Mungu kwa uchungu, lakini namshukuru. Ameniokoa kwa kisu kidogo, kwa hadubini na kwa mwanamke aliyekataa kulisoma jedwali langu. Nimetibiwa chini ya uangalizi, na sijaanguka tena. Wewe uliyeficha kivimbe chini ya shati, wewe ambaye mtoto wako anaanguka nawe unaogopa macho ya jirani, mtumaini Bwana, kisha panda basi uende ukapimwe. Mungu hachukizwi na vipimo. Anachukizwa na jina la mtu asiye na hatia likitajwa mbele zake kwa shangwe. Nawa mikono. Ivisha nyama. Haya nayo ni maombi.

Nimebakiza simu niliyompigia Donatha. Kwa siku kumi na moja niliandika maneno ya kusema, nikayafuta, nikayapanga upya. Hatimaye nilipiga saa saba mchana, bila karatasi.

"Ni mimi," nilisema.

"Najua. Namba yako sikuifuta. Sema."

Nikasema yote. Nyuma yake nilisikia kuku.

"Kwa hiyo ni kachumbari yako," akasema.

"Huenda."

"Huenda!" Alicheka, kicheko kikavu. "Mwezi uliopita niliangukia jiko, mkono wa kulia ukaungua wote. Wageni wakija, mama ananifungia chumbani. Na wewe unaniletea huenda."

"Donatha, nenda hospitali ya mkoa. Waambie wakupige picha ya kichwa. Dawa za minyoo za dukani usizimeze kabla hawajaiona picha hiyo, zinaweza kukuzidishia kuanguka."

"Nitakwenda Jumatatu. Si kwa sababu umesema wewe. Nimechoka kuungua."

"Nisamehe."

Nikamsikia akiwafukuza kuku.

"Wale waliokupigia makofi, umewaambia?"

"Bado."

"Basi waambie kwanza. Simama pale pale uliposimama. Wasomee na hivyo vifuko vitano, kama ulivyowasomea zile milimita. Usiwapunguzie hata kimoja, Profesa. Wakishasikia, ndipo unipigie tena uniombe hilo unaloniomba."

Akakata.