Ombi Lako Limepokelewa

MHUDUMU: Haloo, huduma kwa wateja, idara ya maji. Naongea na nani?

MKE: Na nani tena? Mkeo! Nimebonyeza namba mpaka kidole kimekufa ganzi. Nikadanganya kwamba namtaka yuleyule aliyenihudumia jana—

MHUDUMU: Asante kwa kutupigia, mama. Nikusaidie nini?

MKE: Mama? Mama yako nani? Mbona simu yako haipatikani?

MHUDUMU: Simu zetu hufungiwa kabatini saa za kazi, mteja wetu. Na ningependa kukujulisha kwamba mazungumzo haya yanasikilizwa na akili mnemba.

MKE: Sasa hivi?

MHUDUMU: Kila neno. Na sauti pia, kama ina tabasamu.

MKE: Makubwa! (mkwaruzo) Haloo? Na ikisikia mhudumu anaongea mambo ya nyumbani kwake?

MHUDUMU: Huondolewa siku hiyohiyo, mama. Kama yule mwenzetu wa meza ya dirishani.

MKE: Yule mcheshi?

MHUDUMU: Alikuwa mcheshi, ndiyo.

MKE: Haya. Mteja anaruhusiwa kusema lolote, sivyo? Basi mimi ni mteja, na nina lalamiko. Na usithubutu kuniambia limepokelewa! Mume wangu alishanichekesha nalo: mkimwambia mtu limepokelewa, mmeshalitupa.

MHUDUMU: Pole kwa usumbufu, mama. Lalamiko ni la—

MKE: La huyohuyo mume. Jana mtoto kaanguka, goti linavuja damu, analia. Baba mtu kasimama kama mlingoti: "Pole kwa usumbufu uliojitokeza." Mtoto akanyamaza kwa kushangaa!

MHUDUMU: (anakohoa) Nasikitika kusikia hivyo.

MKE: Unasikitika au umeandikiwa?

MHUDUMU: Nasikitika, mama.

MKE: Aliniambia amepandishwa cheo, anaifundisha mashine kutuliza wateja wakali. Nikapiga vigelegele, mjinga mimi. Ikishajua kila kitu, yeye atabaki na nini?

MHUDUMU: Hilo... sina taarifa nalo.

MKE: Mimi ninayo. Kaka yangu wa karakana ya samani anatafuta mtu wa kupokea wateja. Watu wenye sura zao, vumbi la mbao mpaka masikioni, watukane, wacheke. Yuko hapa mlangoni. Kuna mwingine anaitaka kazi hiyo, kwa hiyo kaka anataka jibu sasa. Yaani sasa.

MHUDUMU: (kimya)

MKE: Upo?

MHUDUMU: Nipo, mama. Samahani, taa ya njano ya mashine imewaka. Nimenyamaza mno.

MKE: Sema ndiyo tu. Neno moja! Hiyo mashine itajuaje ni ndiyo ya nini?

MHUDUMU: Ndi—

MKE: Ehe!

MHUDUMU: Ndi— ndiyo maana tupo, mama. Kukuhudumia.

MKE: Siyo hiyo, baba! Hebu tulia. Mimi hapa, mkeo. Unataka?

MHUDUMU: Nataka.

MKE: Alhamdulillahi! Kaka! Kaka, ngoja—

MHUDUMU: Nataka... nataka kukuhakikishia kwamba tunathamini... (anavuta pumzi) Haliji, mama. Neno haliji.

MKE: Lisukume! (mkwaruzo) Kaka anavaa viatu. Mume wangu, nakusihi. Unakuja au huji?

MHUDUMU: Mteja wetu—

MKE: Unakuja?

MHUDUMU: Ombi lako limepokelewa.

MKE: Hilo ndilo jibu?

MHUDUMU: Linashughulikiwa, mama.

MKE: Unalia wewe. Nakusikia.

MHUDUMU: Taa imerudi kijani, mama.

MKE: Mungu wangu. Na unatabasamu huku unalia. (mkwaruzo) Salio linaisha. Nimwambie kaka amchukue yule mwingine?

MHUDUMU: Je, kuna jambo lingine ningeweza kukusaidia?

MKE: Hakuna. Chakula chako nitakifunika. Urudi sala—

MHUDUMU: Asante kwa kutuchagua.