Waliobaki Mia Tatu na Kumi na Mbili

Taksi ya Bwera ilipotoka Kasese, mama aliyekaa mbele yangu alifungua karatasi aliyopewa na watu wanaopeleka wakimbizi Amerika. Jina lake, Wivine, lilikuwa juu kabisa. Nililisoma, macho hayana adabu. Akamwonyesha mzee wa Munkunyu aliyekaa kando yake, ingawa hawakujuana.

"Papa, banataka kunipeleka hapa na batoto. Banaita muji. Kilomita mraba tisini, batu mia tatu na kumi na mbili. Kesho najibu ndiyo ao hapana."

Mzee akavaa miwani. "Mia tatu? Juzi tulizika jirani, watu ilizidi hapo."

"Ndiyo ile inanisumbua."

"Mama, udongo mingi hivi na watu kidogo, hiyo si mji. Hiyo ni paki ya wanyama, kama Mweya. Uliza kama iko na ndovu."

Ndovu walikuwa wamemlia mahindi mara mbili mwaka huu, akaeleza, kwa hiyo somo hilo alilijua.

"Karatasi inasema beko na mahindi tu."

"Basi ndovu itakuja."

Wivine hakucheka. "Kwetu Beni nilionaka fasi, pahali ya vile. Mashamba mingi, batu kidogo. Ilikuwa kisha ya batu kukimbia vita."

"Sasa hawa walikimbia nini?"

"Karatasi haisemi."

Taksi ikasimama Bwera. Wivine akakunja karatasi, lakini hakuinuka.

"Na hawa mia tatu na kumi na mbili," akauliza, "balibakia juu ya sababu gani?"