Taa ya Ghorofa ya Nne

Septemba ikiingia mjini Plovdiv, mtaa mzima wa Trakia hunukia pilipili hoho zinazochomwa ili zitiwe chupani kwa ajili ya majira ya baridi, na mwenye akili hatoki nje na shati jipya. Mbele ya lango la pili la jengo letu kuna benchi lililopoteza ubao wa katikati, na hapo kahawa ya vikombe vya karatasi hunywewa na dunia hurekebishwa kila alasiri. Wenye benchi ni watatu. Yupo Profesa, aliyefundisha watoto kuruka kamba na hajafundisha kitu kingine. Yupo Meja, aliyekuwa mpishi jeshini, ambaye silaha yake kubwa ilikuwa mwiko. Wa tatu ni Stamen, fundi televisheni mstaafu, jina la kijiweni Antena. Siku hiyo tanuri dogo la umeme la kuchomea pilipili lilikuwa miguuni pake, lakini macho yake yalikuwa juu, dirisha la ghorofa ya nne, kwenye taa nyekundu ambayo haikuwaka.

Taa ile aliitengeneza mwenyewe. Mkewe, Radka, alivunjika nyonga mwezi Julai, akapasuliwa, na tangu hapo Antena hakuthubutu kumwacha hata akanunue mkate. Basi akanunua kibao cha umeme kinachoenea kiganjani, chenye ubongo wa ukubwa wa ukucha, akakiunga na kompyuta na kukifundisha kama mtoto: washa, subiri, zima, subiri, rudia. Taa ilipokonyeza mara ya kwanza alimwita Radka aje aone, akasahau kwamba ndiye huyo asiyeweza kuinuka. Kisha akaongeza sharti: konyeza pale tu Radka akibonyeza swichi. Swichi ilining'inia shingoni mwa Radka, na waya wake ulifika mpaka jikoni, ambako sasa aliweza kujikokota kwa mkongojo. Asubuhi walijaribu, ikakubali. Radka akamfukuza: shuka, kachome pilipili, kaa na wenzako, umenuka dawa miezi yote hii.

Akashuka. Ila hakutulia. Alikuwa akigeuza pilipili moja, anatazama juu. Anapiga funda la kahawa, anatazama juu.

— Haiwaki, alisema Meja.

— Haitakiwi kuwaka. Hajaniita.

— Au imekufa. Mwenzangu, jengo zima linachoma pilipili. Umeme wote unaishia kwenye matanuri. Taa yako huko juu inalamba masazo.

Antena alimweleza kwamba kibao kile hakili umeme zaidi ya saa ya ukutani. Meja akatikisa kichwa huku na huku, ambayo kwetu ni kukubali, lakini uso wake ulikataa. Profesa alikuwa akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda pale penye ubao uliokosekana. Alisubiri zamu yake kwa adabu, kisha akasema kwamba tatizo si umeme, tatizo ni tabia. Kitu chenye ubongo kina moyo pia. Antena alikifokea kibao wiki nzima wakati kinakataa programu, jengo zima lilisikia, na sasa kimenuna.

— Mcheza kwao hutunzwa, alimalizia.

— Hiyo inaingia wapi hapo?

— Fikiria, utaona.

Antena alifikiria, hakuona. Alichokiona ni pazia la jikoni kwake likipeperuka, maana dirisha lilikuwa wazi, na nyuma ya pazia hapakuwa na mtu. Akataka kuinuka. Meja akamvuta shati.

— Kaa chini. Ukipanda kuhakikisha, umekiri mwenyewe kwamba kazi yako haina maana. Fundi gani huyo? Kimya kingi kina mshindo mkuu, bwana. Taa ikinyamaza hivi, ujue ni nzima kabisa.

Maneno hayo yalimchoma kiburi, naye kiburi cha ufundi alikuwa nacho cha kugawa. Akakaa. Profesa, aliyekuwa amekodoa macho juu muda wote, akashusha sauti.

— Mimi nimeigundua. Inakonyeza.

— Wapi?

— Inakonyeza kwa kasi mno. Umeikosea hesabu ya kusubiri, sasa jicho la binadamu haliikamati. Lakini mtazame paka wa jirani yetu Ginka.

Wakamtazama. Paka alikuwa juu ya boneti ya gari, shingo imenyooka kuelekea ghorofa ya nne, na kichwa chake kikienda juu chini, juu chini.

— Anaisoma, alisema Profesa kwa heshima.

Hapo Antena alicheka. Kilimtoka kicheko kikubwa cha tumboni, mpaka pilipili ikamponyoka mkononi, mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kikapanda ukuta wa jengo mpaka juu. Meja alicheka kwa sababu Antena anacheka. Profesa alinuna kidogo, kisha naye akashindwa.

Ndipo akafika Denitsa, mpangaji mpya wa ghorofa ya pili, na kreti lake la pilipili, akauliza zamu yake ya tanuri itafika lini. Kwanza akataka kujua wanacheka nini. Walimweleza wote kwa pamoja, kibao, swichi, nyonga, paka. Akasikiliza mpaka mwisho.

— Kwa hiyo mama akibonyeza, taa inakonyeza.

— Naam, alisema Antena, na bado anajipangusa machozi.

— Na akishindwa kubonyeza, je?

Antena alikuwa ameshafika mlangoni.

Lifti ilikuwa imejaa makreti ya watu. Akapanda ngazi, na kila ghorofa alijilaani kwa jambo jipya: kwa waya, kwa programu, na kwa kile kicheko zaidi ya vyote.

Radka alikuwa sakafuni jikoni, mgongo umeegemea jokofu, chupa za kutilia pilipili zimepangwa kushoto na kulia kwake. Hakuumia. Aliteleza taratibu, akakaa, akashindwa kuinuka. Swichi ilikuwa kifuani pake, na mkono ulikuwa juu yake.

— Waya umekatika?

— Haujakatika.

— Basi kwa nini hukubonyeza, Radka?

Alinyoosha aproni yake magotini kabla ya kujibu.

— Dirisha liko wazi. Nilikuwa nataka kubonyeza, nikakusikia unacheka. Tangu Julai sijakusikia ukicheka, Stamen. Nikasema, acha nikae kidogo.

Alitaka kumgombeza. Badala yake akakaa naye sakafuni, katikati ya chupa. Radka alipouona uso wake umejaa wasiwasi, aliibonyeza swichi kwa kidole gumba, ili ajue kwamba kazi yake haina kosa. Taa nyekundu ikawaka dirishani, ikazimika, ikawaka.

Kutoka chini ikapanda sauti ya Meja, ile ya kuita kikosi kizima kwenye chakula:

— Antena! Inakonyeza! Kimbia, mkeo anakuita!

Antena aliushika mkono wa mkewe, swichi ikiwa ndani yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutazama dirishani.