Sahihi Aliyoikataa Injinia Muthama

Mchungaji, wazee, jirani, na ninyi mliotoka kazini kwake, mliokuja kulia na mliokuja kusikia tutasema nini, familia imemtuma Kamene, ndiye mimi, kitinda mimba wa nyumba hii, asome maisha ya kaka yake, naye ameonywa asitie chumvi, hataitia, wala hataiondoa iliyomo.

Injinia Muthama Mbaluka alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 huko Mbooni, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Mbaluka na Mama Mbithe, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1962, na tangu huko alikuwa mtu wa kushuku, mwalimu akiandika jibu ubaoni yeye hulipiga hesabu upya, akachapwa sana kwa hilo na asiache. Alihitimu uinjinia katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1979, na Februari 1980 akaajiriwa na kampuni moja ya stima, ya kusambaza umeme, katikati ya jiji, idara ya kulinda mitambo isiungue, ambako kushuku ndiyo kazi yenyewe.

Tarehe 6 Desemba 1986 alimwoa Nyawira katika kanisa la Kawangware, msimamizi wake akiwa Mwaura, mwenzake wa meza moja kazini, wakajaliwa Anita na Haron. Hata nyama ya Kenyatta Market aliitaka ipimwe mara mbili, muuzaji akanuna, Nyawira akaona haya, na kumbe mizani ilikuwa na mchezo.

Mwezi Mei 2006 kampuni iliagiza kutoka ng'ambo mtambo wa kuzuia stima inayofurika shoti inapotokea, ufungwe kwenye kituo kidogo karibu na Spring Valley. Ndani yake mna utepe wa superkondakta uliozamishwa katika naitrojeni iliyopozwa ikawa majimaji, na kwa baridi hiyo stima hupita bila kupingwa hata chembe, lakini shoti ikija utepe huikaba wenyewe kabla swichi hazijashtuka. Kaka aliupenda mtambo huo kama mwana, ila alitakiwa athibitishe kwamba umejaribiwa kwa shoti tano, akaziweka karatasi tano zenye michoro ya majaribio juu ya kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, na mistari yote ikalaliana mpaka kijipindo cha mwisho. Shoti mbili hazifanani, kila moja hulikuta wimbi la stima mahali tofauti, kwa hiyo aliona jaribio moja limenakiliwa mara tano, akakataa kutia sahihi, maana mtambo ukishindwa, mafundi waliosimama kando yake ndio wataungua.

Hapo ndipo maneno yalipoanza, kwamba Muthama amekula chai ya wauza swichi za zamani, ahongwe ili mtambo mpya ukwame, na kweli kikulacho ki nguoni mwako, kwani sahihi aliyoikataa ilitiwa na Mwaura Januari 2007, naye kaka akahamishiwa chumba cha mafaili kisicho hata na simu. Iliuma. Haron, anayesomea uinjinia huo huo, aliulizwa darasani kama naye atakula kama babake, na kaka alipoambiwa hakumaliza chakula.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2008, akatibiwa miezi saba, na akatutoka alfajiri ya tarehe 11 Oktoba, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao aliwauliza maswali mpaka wakacheka, majirani wa Kawangware waliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake kwa shada la maua. Bwana Mwaura, tumekuona, asante kwa kufika. Mtambo ule una sahihi yako huu mwezi wa ishirini na moja, na bado umefunikwa turubai, haujapitishwa stima hata siku moja. Kama kaka yetu alikuwa mwongo, Jumatatu uwasheni, nawe usimame kando yake.

Lala, Muthama, umepumzika.