Jiwe la Kamango Alilolitunza Kahindo

Mgeni rasmi, Profesa Zorobabel, umevuka vizuizi vyote vya barabara ya Butembo ili utufikie. Sisi wapima mawe wa Mulekera tunasema: karibu, keti, pumzika.

Jiwe lilivyotufikia

Mwaka 1999 wakulima wa Kamango waliona moto ukipita angani mchana, kisha jiwe jeusi likaangukia shamba la mihogo. Walituletea wakidhani ni koltani, madini tunayoyapima kila siku. Tulifanya tulivyozoea: tukalitwanga kwa nyundo kwenye kinu cha chuma, tukaosha unga kwenye karai, tukangoja kizito kibaki chini. Nusu ya jiwe ikaenda na maji. Kosa hilo ni letu.

Dada yetu Kahindo, aliyejifunza mawe kwa kuyashika tu, aliona sumaku ikivuta unga ule. Akaweka mkono chini ya nyundo.

"Acheni kwanza, bandugu. Hii jiwe hatuijuwe. Hapana kuponda yote."

Mwenzetu Mbusa akamtania kwamba sasa amepata mchumba, jiwe. Kahindo alilifunga jiwe kwa nailoni, akalizika katika pipa la maharagwe makavu lisipate unyevu. Mara mbili tulikimbia vita. Mara zote mbili aliacha masufuria akabeba jiwe.

Fahari yetu

Mwaka jana alikupa chembe moja. Wewe na wenzako mliichunguza kwa hadubini inayoona vitu vidogo mara maelfu kuliko upana wa unywele, mkakuta madini ambayo hakuna aliyewahi kuyaandika. Sisi hata umeme hatuna, lakini yalitunzwa kwetu. Barua yako ya habari hiyo iliposomwa hapa, Mbusa alisimama mbele ya wote akamwomba Kahindo msamaha.

Kinachotusumbua

Katika nakala ya ripoti yenu, mstari wa asili ya jiwe unasema: "Mahali hapajulikani, lilinunuliwa sokoni." Labda mwandishi hakupata wa kumuuliza, kwa sababu ya vita. Hatumhukumu. Lakini Kamango panajulikana, na jiwe halikuuzwa.

Ombi

Umetueleza kwamba kipande kilichobaki kisipowekwa kwenye makumbusho, madini hayo hayatapewa jina. Tumeelewa. Tunaomba mstari ule tu uandikwe upya: Kamango; mtunzaji: Kahindo.

Kahindo ameketi mstari wa mbele, jiwe liko mapajani mwake. Kalamu iko mezani. Ukishaandika, atakukabidhi jiwe kwa mikono miwili.

Mungu akufikishe salama, naye atupe sisi usingizi wa amani.

Ni sisi,
Wapima Mawe wa Mulekera
Beni, Juni 2002